Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa saikolojia ya vijana balehe, Mbeya

Saa 12:00 asubuhi. Uyole, Julai, baridi inauma. Madodoso yanaingia begini yakiwa na namba badala ya majina. Orodha ya majina inabaki imefungiwa ofisini. Dodoso kuu ni SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire, dodoso la uwezo na matatizo ya kijana), la Robert Goodman, 1997. Lina sentensi 25, tano kwa kila eneo: hisia, tabia, utulivu, marafiki na kuwajali wengine. Majibu ni matatu tu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Kijana wa miaka 11 hadi 17 analijaza mwenyewe.

Saa 1:30. Shikamoo kwa mkuu wa shule, saini kitabu cha wageni, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na barua ya halmashauri mezani. Hapa utafiti unaweza kuharibika kabla haujaanza, maana mwalimu, kwa nia njema kabisa, atataka kukuchagulia "wanaojieleza vizuri". Omba daftari la mahudhurio. Mkondo ukiwa na wanafunzi 60 na unahitaji 20, piga kura ya namba 1 hadi 3, anzia hapo, kisha chukua kila wa tatu. Aliyechaguliwa akikosekana, usichukue jirani yake badala yake. Rudi siku nyingine. Mtoro mara nyingi ndiye mwenye mengi ya kueleza.

Ridhaa ya mzazi ndiyo inayochelewesha. Wanafunzi wengi wa shule za kata wanapanga mageto, wazazi wako vijijini. Fomu igawiwe Ijumaa, iende na kijana anapofuata unga nyumbani. Mzazi asiyesoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Na hata mzazi akisaini, kijana akikataa, basi.

Saa 3:00. Kabla ya hapo vidole vina ganzi na mwandiko hausomeki. Dawati moja, mtu mmoja. Mwalimu anatoka nje. Unasema "huu si mtihani", na bado wapo watakaoandika jina na kulipigia mstari kwa rula. Sentensi zisomwe kwa sauti, moja moja, la sivyo wanaosoma taratibu watatiki chochote ili wamalize na wenzao. Dodoso linauliza kuhusu miezi sita iliyopita, kipindi ambacho kijana hakikadirii vizuri. Mwambie "tangu shule zilipofunguliwa Januari" na ataelewa mara moja.

Kinachonisumbua zaidi ni mwenzake wa dawati la jirani. Mwaka 2005 wanasaikolojia Gardner na Steinberg walionyesha, kwa mchezo wa gari kwenye kompyuta, kuwa vijana hujihatarisha zaidi wenzao wakiwepo kuliko wakiwa peke yao. Dodoso si gari, lakini kicheko kimoja kutoka nyuma kwenye sentensi inayotaja machozi kinatosha kuharibu majibu ya mstari mzima wa madawati.

Saa 4:20. Wakati wa uji, pekua karatasi. Aliyetiki "kweli kabisa" kuanzia juu hadi chini amekubali kwamba hawezi kutulia kwenye kazi na pia kwamba anamaliza kazi zake kwa umakini. Usimrudishie arekebishe, atakupa unachotaka kusikia. Andika namba yake pembeni.

Saa 5:00. Usaili, chini ya mti: mnaonekana, hamsikiki. Mpaka wa siri utajwe mwanzoni: akisema kuna anayemdhuru, lazima nimtafutie msaada. Anayepokea ni mwalimu wa malezi, afisa ustawi wa jamii, au namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Mwalimu wa malezi anarukwa kama yeye ndiye anayelalamikiwa. Ukiuliza "una huzuni?" utajibiwa "hapana, madam". Uliza mara ya mwisho alipogombana na rafiki ilikuwaje, nani alianza kusemesha mwenzake. Kisha nyamaza. Wasaili wachanga hushindwa hapo, hawavumilii ukimya.

Saa 8:00. Ugali maharage, daladala hadi Mwanjelwa.

Saa 9:00. Kuingiza takwimu, watu wawili kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha. Alama ni 0 kwa si kweli, 1 kwa kweli kiasi, 2 kwa kweli kabisa. Sentensi za 7, 11, 14, 21 na 25 zinaeleza jambo zuri, hivyo alama zake zinageuzwa (2 inakuwa 0, 0 inakuwa 2), na ukisahau, kijana mtulivu ataonekana msumbufu. Eneo lenye majibu matatu au zaidi kati ya matano linaweza kukadiriwa: majibu manne yenye jumla ya 6 yanatoa 7.5, unaandika 8. Chini ya matatu, acha wazi. Jumla ya matatizo, kati ya 0 na 40, haihusishi eneo la kuwajali wengine. Mipaka ya alama za juu ilitokana na watoto wa Uingereza, kwa hiyo simwiti mtoto wa Uyole mgonjwa kwa sababu ya namba hiyo.

Saa 11:30 jioni. Simu kwa mkuu wa shule ya kesho. Madarasa yana mitihani ya moko, tunasogeza hadi Alhamisi.