Barua ya mdhamini

Juzi mtoto wa kaka yangu kanipigia simu toka Kange, Tanga. Mwenzake kazini kakamatwa, kesho anafikishwa mahakamani. "Shangazi, barua ya mdhamini inaandikwaje?" Nikamwambia aanze na kitambulisho cha taifa, cha NIDA, cha huyo mdhamini, akiweke mezani, anakili majina herufi kwa herufi. Akaona namfanyia mzaha. Ijumaa ile ya Hamisi, mdhamini aliyekwama kwa herufi za jina lake, yeye alikuwa bado shuleni.

Kijana alikuwa mpwa wa Hamisi, kakutwa Mgandini na baiskeli isiyo yake. Alikamatwa Jumatano jioni, akapandishwa kizimbani Ijumaa asubuhi, na sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kituoni angeweza kupewa dhamana ya polisi, nayo haina malipo. Tangazo la kusema hivyo limebandikwa ukutani, nyuma ya kaunta. Mama yake akaombwa ya soda. Hakuwa nayo. Haya.

Hakimu hakuwa na maneno mengi. Shtaka lina dhamana, upelelezi haujakamilika, wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, bondi ya laki tano. Hapo kwenye laki tano ndipo familia nyingi huvunjika moyo kwa kutojua. Pesa ile hailipwi. Mdhamini anasaini ahadi tu, na atadaiwa endapo mshtakiwa atatoroka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaturuhusu wasaidizi wa kisheria kumweleza mtu mambo hayo, si kusimama mahakamani badala ya wakili. Nikamweleza mama yule, nikamrudia, na bado alikuwa anahesabu vidoleni nani wa kumkopesha.

Mdhamini wa kwanza, mwalimu mstaafu, alipita. Akaja Hamisi.

Karani akaweka barua kulia, kitambulisho kushoto, kidole kikaanza kutembea. Namba ya kesi ipo. Picha ipo, na muhuri umeshika nusu picha nusu karatasi, ndivyo inavyotakiwa, maana picha isiyogongwa hivyo hubanduliwa ikabandikwa nyingine. Makazi Ngamiani, barabara na namba ya nyumba vipo. Kazi: mvuvi. Karani akainua macho. "Ukiwa baharini tutakupata wapi?" Hamisi akajibu kwamba siku hizi bahari haina samaki, yuko nyumbani muda wote. Karani akacheka. Kidole kikarudi juu kwenye jina, kikasimama. Barua inasema Hamisi. Kitambulisho kinasema Khamis.

"Huyu ni nani, na huyu ni nani?"

Sisi watu wa Pwani ndivyo tulivyo. Aliyejaza fomu za NIDA kasikia K, mwenyekiti wa mtaa kaandika anavyomwita mwenzake kila siku barazani. Nikaanza kumtetea. Karani hakupandisha sauti. Alisema mshtakiwa akikimbia, na ile laki tano ikatakiwa, Hamisi atasimama pale pale aseme aliyedhamini ni Khamis, mtafuteni. Nilitafuta la kumjibu, sikulipata, na mpaka leo sijalipata.

Njia zilikuwa mbili: kuapa kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja, au kuleta barua mpya. Wakili tuliyemzoea kwa viapo alikuwa Muheza kwenye kesi nyingine, na kiapo kinataka hela. Hamisi akapanda baiskeli (hata yeye alicheka) akakimbilia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti katoka msikitini kaunganisha mazikoni, muhuri umo mfukoni mwa kanzu. Barua ya pili iliandikwa makaburini kwa kalamu ya kuazima, karatasi imewekwa juu ya mgongo wa mtu. Ilipofika, karandinga lilikuwa limeshapakia mahabusu, limekwenda gereza la Maweni.

Jumatatu barua ilipita, mahakama ikatoa hati ya kumwachia, jioni kijana akatoka. Kesi yenyewe ilitajwa na kuahirishwa, ikatajwa tena, mlalamikaji akaacha kuja, mwishowe ikaondolewa.

Januari 2023 ilipoundwa tume ya kuangalia haki jinai, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo ikakabidhi ripoti, tulifuatilia redioni: polisi, upelelezi, magereza. Makubwa, na yalistahili kusemwa. Mimi nilikuwa nategea dogo: fomu moja iliyochapishwa ya mdhamini, ipatikane kila ofisi ya mtaa, yenye mstari wa "majina kama yalivyo kwenye kitambulisho". Huenda ni dogo mno kwa tume. Huenda pia kidole cha karani kingepata pengine pa kusimama.

Hamisi nilimshauri apeleke kiapo na cheti cha kuzaliwa ofisi ya NIDA wilayani, jina lirekebishwe. Akakataa katakata: waliokosea ni wao, warekebishe wao. Mwenyekiti ndiye aliyesalimu amri. Siku hizi anamwandika Khamis kila mahali, hata kwenye daftari la michango ya harusi, na wageni wa mtaa wanauliza huyo Khamis anakaa nyumba gani.