Alama za Maconochie

Juzi mpwa wangu alisoma risiti ya supamaketi akauliza, hizi pointi zikijaa inakuwaje? Kabla sijamjibu nilisharudi darasani Ruiru, kwenye chuo cha askari magereza wa Kenya, mkufunzi akiandika ubaoni kwa chaki: 6000, 7000, 8000.

Hizo ni alama za Alexander Maconochie, kapteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyewahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wafaransa. Mwaka 1840 alikabidhiwa gereza la Kisiwa cha Norfolk, mashariki ya Australia. Mfungwa wa miaka 7 alidaiwa alama 6000, wa 10 alama 7000, wa maisha 8000. Deni likiisha, kifungo kimeisha.

Afande akatupigia hesabu. Tuseme kazi ya siku imekupa alama 10, chakula kimekula 4. Zinabaki 6, basi deni la 6000 unalimaliza kwa siku 1000, hata miaka 3 haijatimia. Ukitaka mlo bora zaidi, unachelewa kutoka. Ukikosea, unakatwa alama. Baadaye wafungwa kama 6 wanaunganishwa kundi moja: mmoja akitega kazi, wote wanapoteza, na wenzake ndio wanaomchunga kuliko askari.

Mmoja wa nyuma akainua mkono: "Afande, zikitimia, ufunguo anao nani?"

Afande aliweka chaki chini. Nadhani swali hilo alikuwa akilingoja. Maconochie hakuwa nao. Gavana Gipps, kule Sydney, hakutaka mpango huo uwaguse wafungwa sugu waliohukumiwa mara ya pili, na kapteni hakuwa na mamlaka ya kumwachilia mtu. Umelipa deni, na bado uko kisiwani. Alama zikaanza kushuka thamani. Akaondolewa mwaka 1844. Ukali ukarudi, na Julai 1846 wafungwa waliponyang'anywa vyungu vyao vya kupikia, waliasi na kuua watu 4.

Miaka ya baadaye, ofisi ya rekodi, kazi yangu ikawa remisheni, yaani kupunguziwa kifungo: miezi 36, toa theluthi, anatoka baada ya 24. Ila kwetu mfungwa huandikiwa theluthi yote siku anapoingia, kisha hupunguziwa akivunja sheria au akikaa bila kazi. Wa Maconochie alianza na sifuri akapanda. Ipi humfanya mtu ashike jembe kwa moyo, mpaka leo sijaamua. Wetu ana cha kupoteza tu, na wengi niliowaandikia hawakujua kama kimeshaandikwa.