Karabai iliyonipa kazi wiki sita

Jumamosi, saa nne usiku

Ninaandika haya kwa mwanga wake. Iko hapa mezani mbele yangu, dirisha nimeliacha wazi, na mvumo wake umejaa chumbani kama mvua inayonyesha upande wa pili wa kilima. Nina karabai kumi na moja, na hakuna niliyowahi kuitamani iwake kama hii.

Ni Petromax ya nguvu ya mishumaa 500. Tangi lake ni la shaba iliyopakwa nikeli, na nikeli imechubuka pale mkono wa mtu ulipozoea kushika. Jina lilizaliwa Berlin, katika kiwanda cha Ehrich & Graetz: nusu ya kwanza ni mafuta, nusu ya pili ni Max Graetz mwenyewe. Hupenda kulikumbuka ninapofungua skrubu. Kuna mtu aliyekaa akafikiri kila kipande kiende wapi.

Ilipofika mikononi mwangu, pampu ilikuwa nyepesi, inaingia na kutoka bila kushika pumzi. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka ikasinyaa. Niliilaza kwenye mafuta usiku kucha, asubuhi nikaitanua taratibu kwa vidole, na ilipokaza pampu nilifurahi peke yangu kama mtoto. Nikabadilisha mpira wa mfuniko, nikajaza tangi hewa tupu, nikalizamisha kwenye beseni la maji na kungoja mapovu. Hakuna hata moja. Hatua hii siiruki kamwe, hata taa ionekane nzima namna gani, kwa sababu tangi linalovuja karibu na moto halina mzaha.

Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe bado. Iliwaka, lakini kwa mwali wa njano, mara inang'aa mara inafifia kama mgonjwa anayehema, na masizi yakatanda kwenye kile kifuko cha nyuzi ambacho ndicho kinachotoa mwanga. Nilisafisha nozeli, kile kitundu kinachotoa mvuke wa mafuta. Nilibadilisha sindano inayokizibua. Nililichoma bomba la mvuke ili kaboni ya ndani itoke, nikaligonga polepole, nikalipuliza. Hali ile ile. Vifuko vinne vilipotea hivyo.

Jumatano nikampigia simu mzee mmoja aliyezitunza taa hizi tangu ujana wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Pengo umepima, mwanangu?"

Sikuwa nimepima. Nilikuwa nalijua pengo hilo, nimewahi hata kuwaeleza wenzangu, ila sikudhani lingeweza kuhama. Mafuta ya taa husukumwa na hewa ya tangi, yanapanda kwenye bomba la moto, yanageuka mvuke, na mvuke huo unachomoka kwa kasi kwenye tundu la nozeli, jembamba ajabu. Ni kasi hiyo inayokokota hewa ya nje. Inaikokotea pale penye uwazi kati ya nozeli na mdomo wa bomba la kuchanganyia, na uwazi huo unatakiwa uwe kama milimita 14. Wangu ulikuwa 9. Aliyeifungua taa kabla yangu aliirudisha vibaya, na miaka yote hiyo ilikuwa inakosa hewa tu. Kulegeza, kusogeza na kukaza vilichukua dakika tano.

Leo jioni nikafunga kifuko kipya. Nikakichoma kwanza, kama inavyopasa, kikawaka, kikanywea, kikabaki jivu jeupe lenye umbo. Kila mara hapo huwa natulia kidogo. Mwanga wote huu unatoka kwenye jivu ambalo ncha ya ukucha inalibomoa. Mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, ndiye aliyegundua njia hiyo: alipata hataza mwaka 1885, lakini mwanga wake wa kwanza ulikuwa na ukijani na watu hawakuupenda. Alirudi maabara, na mwaka 1891 akaja na mchanganyiko wa oksidi za metali mbili, thori kwa asilimia 99 na seri kwa asilimia moja. Asilimia hiyo moja ndiyo iliyoleta weupe. Thori ina mionzi, ndiyo maana vifuko vingi vya siku hizi hutumia metali ya itri badala yake. Pakiti ya zamani iliyokuja na taa hii nimeihifadhi bila kuifungua, na vumbi la kifuko kilichovunjika silipulizi hata siku moja.

Nikamimina spiriti kwenye kikombe chake, nikaiwasha, nikaiacha iungue. Wengi huharibu hapa. Bomba likiwa halijapata moto wa kutosha, mafuta hutoka mabichi na kichwa chote cha taa hushika moto. Spiriti ilipokaribia kwisha nikapiga pampu, polepole kwanza, mpaka mshale wa kipimo cha hewa ukagusa mstari mwekundu. Kifuko kikatoa sauti kama pumzi moja ya ghafla, kikawa cheupe, na weupe ukatulia hapo hapo. Nilisubiri uyumbe. Haukuyumba.

Wapo wakusanyaji wenzangu wanaosugua shaba mpaka waone nyuso zao, kisha wanaifungia taa kabatini. Siwezi kuwa mmoja wao. Mchubuko wa nikeli nitauacha ulivyo.

Sasa nimefungua skrubu ya hewa. Mvumo unashuka, weupe unageuka rangi ya machungwa, na chemni inalia tik, tik, ikipoa. Namalizia kwa balbu ya kawaida, na chumba kinaonekana kidogo zaidi. Taa sitaihamisha mezani usiku huu, maana kuibeba ni kukitikisa kifuko, nami nataka kesho niiwashe na hicho hicho.