Darasa la Alhamisi

Shemeji yangu mmoja wa Kampala, Mwanglikana wa ukoo mzima, tukikutana kwenye harusi lazima aniulize: "Shemeji, hivi nyinyi Wamethodisti mna nini ambacho sisi hatuna?" Huuliza kwa utani, lakini ndani ya utani kuna dukuduku, maana mdogo wake alinifuata mimi kanisani baada ya kunioa na ukoo haujalisahau jambo hilo. Humjibu kwamba John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wetu, alikufa mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kianglikana, kwa hiyo swali hilo akawaulize kwao. Tunacheka, chakula kinakuja, basi.

Jibu la kweli ni refu kidogo kwa harusi. Tuna darasa.

Si darasa la shule wala la ubatizo. Ni kundi la waumini wa mtaa mmoja, wana kiongozi wao na daftari lao, na kila wiki hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Letu, hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, hukutana Alhamisi jioni soko likishatulia. Kwenye daftari yumo mama anayeuza mukene (dagaa), yumo afande aliyestaafu jeshi (ndiye kiongozi wetu), yumo mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa bodaboda, mjane anayeishi ng'ambo upande wa Kenya, wakala wa forodha anayefika kachelewa na simu mbili mkononi, mimi fundi cherehani wa mtaa wa Sofia, na wengineo. Bila hilo daftari sidhani kama hata wawili wetu tungekuwa marafiki. Afande na wakala wa forodha hawajawahi kukubaliana, hata juu ya mvua.

Tunaongea Kiswahili kwa kuwa hakuna namna nyingine. Kuna Wasamia, Wagwe, Wateso, Wajapadhola, na Mganda mmoja aliyeolewa huku. Kampala, ukianza kuongea Kiswahili dukani, watu wa rika la mama yangu hushika mikoba yao, maana wao walikizoea kama lugha ya wanajeshi na majambazi. Busia ni lugha ya kuulizia bei. Kwenye maombi kila mtu huomba kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Mwalimu husema Mungu hahitaji mkalimani. Tunaomhitaji ni sisi, wakati wa matangazo.

Madarasa haya yalizaliwa na deni. Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikuwa wakidaiwa pesa za nyumba yao ya ibada. Nahodha mmoja aitwaye Foy akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akapinga kwamba wengi ni maskini, hawana hata hiyo peni. Nahodha akasema: basi nipeni mimi maskini kumi na mmoja, nitawapitia kila wiki, na asiyeweza kutoa nitamtolea. Wengine nao wakachukua watu wao. Katika kupita huko nyumba kwa nyumba kudai peni, wakawa wanarudi na habari ambazo Wesley hakuzitarajia: nimemkuta fulani anagombana na mkewe, nimemkuta fulani amelewa. Wesley akaona hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote. Deni likaisha, kupitiana kukabaki.

Afande anaipenda hadithi hii kuliko hadithi nyingi za Biblia, Mungu amsamehe. Inamthibitishia anachoamini, kwamba mtu humjui mpaka umwendee nyumbani kumdai.

Na kudai tunadai. Kanisa letu liliezekwa mabati kwa pesa za darasa, na mshika fedha ni mimi. Kikapu cha Jumapili hutoka na shilingi za nchi mbili, kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua cherehani, napeleka noti za Kenya kwa wabadilisha fedha wa mpakani. Shilingi moja yao ni zaidi ya 25 zetu. Ndiyo maana mjane wa ng'ambo akiweka noti ya mia moja, pembeni ya elfu mbili ya wakala wa forodha inaonekana kama amebania, kumbe amemzidi. Wakala anaijua hesabu hiyo vizuri sana. Ni kazi yake.

Halafu kuna mnada baada ya ibada, pale nje chini ya mwembe. Asiye na pesa huleta mkungu wa matoke, mayai, mihogo, jogoo. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara tatu: anayemnunua anamrudisha madhabahuni, ananadiwa tena, anarudishwa tena, hadi mtu mwenye njaa ya kweli aondoke naye. Wageni hudhani ni michezo. Mimi nimeshaona karo ya mtoto ikipatikana kwa jogoo wa namna hiyo.

Lakini nilitaka kusimulia habari ya maharage.

Mama wa mukene alimkopesha mwenzake magunia ya maharage ayauze, pesa zigawanywe. Wote wawili ni wa darasa letu, na wote huimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mvua ikanyesha, ghala likavuja, maharage yakaota. Hasara ya nani? Mwenye mali alisema ni ya aliyeyahifadhi. Aliyeyahifadhi alisema mvua ni ya Mungu. Wakaacha kusalimiana. Kwenye kwaya walisimama mstari mmoja, na kati yao nafasi ya kumtosha mtu aliyevaa gomesi, lile gauni letu pana. Kila mtu kanisani aliiona ile nafasi. Mhubiri mmoja mgeni akaambiwa, naye akahubiri msamaha saa nzima, sabini mara saba, huku anawatazama. Ibada ilipoisha hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Afande hakuhubiri. Alhamisi ile alikuja na karatasi na kalamu. Akasema, "Mama zangu, msamaha utakuja kwa wakati wake. Kwanza hesabu." Magunia mangapi? Yalinunuliwa kwa bei gani? Nani alijua paa linavuja, na tangu lini? Ikabainika kwamba wote wawili walijua, maana mama wa mukene mwenyewe aliwahi kukinga ndoo pale. Kwa hiyo nusu kwa nusu. Nusu ile ikawa inalipwa kila Alhamisi kidogo kidogo, mbele yetu sote, kupitia mkono wangu, na ninaiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la darasa.

Nimesikia mahubiri mengi ya msamaha yasiyo na hesabu ndani yake, na mara nyingi anayebembelezwa asamehe ndiye yuleyule aliyepoteza. Hilo sikubaliani nalo, hata akisimama askofu.

Hawa wawili hawapendani mpaka leo. Nisidanganye. Ila mama mkwe wa yule mwenzake alipofariki, mama wa mukene alisimamia jiko la msiba usiku na mchana, akiwagombeza wasichana kwa kutia chumvi nyingi kwenye mchuzi wa mtu ambaye hamsalimii vizuri.

Kila mwanzo wa mwaka tuna ibada ya agano, ambayo Wesley aliianza mwaka 1755. Kuna mahali tunasoma wote pamoja, tunamwambia Mungu atuweke kwenye kazi aitakayo na atupange pamoja na yeyote amtakaye. Nawaona watu wakisitasita kwenye mstari unaotaja mateso. Mimi ninaouogopa ni ule wa kupangwa na yeyote.

Kwenye misiba ndipo darasa linapoonekana hata na wasiosali kwetu. Habari ikifika, hakuna kuitana mkutano. Wa maturubai anajua, wa sufuria kubwa anajua, vijana wanaenda kutafuta kuni, sisi wanawake tunalala pale na wafiwa hadi mazishi yapite. Mabugo, yaani michango ya rambirambi, huandikwa. Zamani, siku ya mazishi, majina yalisomwa pamoja na kiasi: fulani elfu hamsini, fulani elfu mbili. Aliyetoa elfu mbili alikuwa amekaa kwenye mkeka, watoto wake wanasikia. Mwalimu ndiye aliyesimama akasema hii si rambirambi, hii ni matokeo ya mtihani. Wazee walinuna, wakadai watu hawatatoa tena wasipotajwa. Tukakubaliana kusoma majina matupu, bila kiasi. Wanatoa tu. Pengine hao wa elfu hamsini wamepungua kidogo, siwezi kukataa, lakini wa elfu mbili wamekuwa wengi.

Mchungaji? Yupo, na tunampenda, ila ana makanisa kadhaa kwenye sakiti yake, yaani eneo analolihudumia, na Jumapili ni moja. Jumapili nyingi huhubiri waumini wenyewe, kufuata ratiba inayopangwa kwa robo mwaka. Na kwetu mchungaji hazeeki mahali pamoja. Barua ya uhamisho inakuja, mama mchungaji anaacha parachichi alilolipanda likiwa bado halijazaa, sisi tunalia, tunachanga, tunakodi lori, wiki inayofuata tunampokea mwingine kwa nyimbo zilezile. Watu wa makanisa mengine huona tunadhulumiwa. Mimi naona inasaidia. Mchungaji anayejua ataondoka hajengi ufalme, na waumini wanaojua ataondoka hawamwachii kila kitu.

Kijana wetu wa bodaboda yumo kwenye ratiba hiyo. Mahubiri yake ya kwanza yalikuwa ya Msamaria Mwema, na nilijua yataharibika pale alipoanza kutetemeka. Akafunga Biblia. Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mimi huyu mtu nimewahi kumkuta barabarani. Si wa kwenye kitabu, wa hapa hapa, njia ya Tororo." Akaeleza woga wake: ukimbeba majeruhi unaulizwa kama wewe ndiye uliyemgonga, pikipiki inaweza kuzuiliwa kituoni, na pikipiki si yako, ya tajiri, na jioni tajiri anataka pesa yake. Akasema yule kuhani na Mlawi pengine nao walikuwa na tajiri. Kanisa zima lilinyamaza, kisha afande akacheka kwa nguvu, na baada ya hapo kijana akahubiri bila kutetemeka. Hakutuambia kama alimbeba yule mtu. Mama wa mukene alimwuliza hapohapo mlangoni, akasema, "Nilimbeba, mama, lakini nilizima taa ya pikipiki nilipoondoka hospitali."

Machi 2020 Rais alipofunga nyumba za ibada, makanisa makubwa yalihamia redioni na kwenye televisheni. Sisi hatuna redio. Siku chache baadaye mpaka nao ukafungwa kwa watu, yakawa yanapita malori ya mizigo tu, na mjane wetu akabaki ng'ambo, mahali ambapo kukiwa kimya unaweza kumsikia akiwaita kuku wake. Afande alichukua daftari akawa anapiga simu, jina baada ya jina, kila Alhamisi saa ileile. Swali lake ni moja na halibadiliki: "Roho yako iko vipi?" Kisha: "Na unga upo?" Ambaye unga hakuwa nao, kijana wa bodaboda alimpelekea, maana pikipiki za mizigo ziliruhusiwa. Kwa mjane hatukuweza kupeleka kitu. Tulimtumia pesa kwa simu, na yeye, bila kuulizwa, akawa anatuma zaka yake kwa njia hiyohiyo. Septemba mwaka huo serikali iliruhusu ibada za watu wasiozidi 70. Wenzetu walilalamika sana kwa kikomo hicho. Sisi 70 tunafika Krismasi, na labda akiolewa binti wa mtu.

Sasa tuna shida mpya. Darasa limekua. Tuko 19 kwenye daftari, na sebuleni kwa mwalimu Alhamisi iliyopita watu walikaa hadi kwenye ngazi ya mlango, na wakala wa forodha akasikiliza neno akiwa dirishani kwa nje. Kundi lililo sawa ni kama la watu 12, hivyo afande ameamua tugawanyike. Amepiga mstari kwa kufuata barabara: wa upande wa soko wabaki naye, wa upande wa Sofia waanze darasa jipya chini ya mwalimu. Hakuna anayetaka kuondoka. Wakala wa forodha, ambaye kila wiki hubishana na afande, ndiye aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote, ati hawezi kutenganishwa na mzee wake.

Mimi duka langu liko Sofia, lakini nalala upande wa soko, kwa hiyo nimedai nihesabiwe kwa mahali ninapolala. Afande amesema mstari unafuata cherehani. Yule wa maharage naye yuko Sofia, na bado ana salio kwenye ukurasa wa nyuma, na mimi ndiye ninayeandika, kwa hiyo nadhani ninajua nitapelekwa wapi. Mwalimu ameshaniuliza kama nina birika kubwa.