Ulikuwa na sisi mradi upi?

Ni Jumapili, saa nne usiku, na mimi bado niko kwenye foleni ya pilau, kwenye sherehe ya kumuenzi Profesa wetu. Mwili umerudi nyumbani tangu Alhamisi. Nimefua, nimemsuka Salha, nimekwenda hospitali kumwona mdogo wangu. Lakini mikono ikikosa kazi kidogo tu, najiona nimeshika sahani, mbele yangu sufuria linatoa moshi, na Profesa anageuka.

"Dada yangu, hivi wewe ulikuwa na sisi mradi upi?"

"Wa slaidi, Profesa."

"Aah, slaidi! Kazi nzuri sana."

Akachota kachumbari, akasogea.

Hayo tu, hakuna zaidi. Mwanaidi kajifungua pacha salama (mnajua tulivyohangaika mwaka mzima), uhamisho wa Baba Salha umefutwa, umeme umelala siku mbili, na mimi nimebaki na kachumbari ya mtu.

Nimejaribu kumtetea. Mzee ana umri wake, siku ile alishikwa mikono na watu mia, na kwa kawaida yeye huja kwenye kituo chetu cha utafiti mara mbili tatu kwa mwaka akitokea Dar. Sasa mtu kama huyo ataukumbukaje uso wa mwanamke anayeshinda ameinamia hadubini, akitafuta vidudu vya malaria kwenye slaidi, vile vioo vya damu, nyuma ya mlango ulioandikwa usifungue? Halafu najijibu mwenyewe: miaka kumi na tisa niko pale. Sasa hivi nimebakia kwenye lile neno "ulikuwa". Ulikuwa! Kesho asubuhi saa moja na nusu nitakuwa palepale, bado sijastaafu mimi.

Sherehe yenyewe ilikuwa nzuri, nisiwe mchoyo. Mahema, ngoma, na zawadi ya kinyago cha mpingo kilichobebwa na vijana wawili. Mgeni rasmi alitoa hotuba ndefu juu ya watu waliotumia maisha yao kufukuzana na maradhi ya kuambukiza. Alianza na Ronald Ross kule India, tarehe 20 Agosti 1897, siku alipomkuta kidudu cha malaria tumboni mwa mbu. Ndiyo maana tarehe hiyo dunia inaadhimisha siku ya mbu. Akaja kwa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo, aliyefika Yambuku mwaka 1976 akatoa wagonjwa damu bila glavu, akashangaa tundu la sindano haliachi kuvuja. Ndiyo Ebola hiyo, wakati bado haina jina. Wajapani walimpa tuzo yao ya Hideyo Noguchi mwaka 2019, pamoja na Francis Omaswa wa Uganda. Toka 1976 hadi 2019, hesabuni wenyewe. Muda mwingi hapo katikati waliotajwa ni wale wa maabara ya Antwerp, Ubelgiji, waliofungua chupa ya chai iliyosafirishiwa damu ya mgonjwa, na aliyekwenda kuitafuta kijijini akatajwa pembeni.

Watu walipiga makofi. Baba Salha akaninong'oneza: "Na sisi Wamakonde je? Homa ya chikungunya ilianzia kwetu mwaka 1952, jina tumetoa sisi, na hata cheti hatukupata." Mnamjua, yeye ni wa Newala, na hilo neno analibeba kama urithi wa shamba. Lugha yao inasema juu ya kukunjika, jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo, na leo daktari wa Brazili anaandika neno hilohilo kwenye karatasi yake. Nilicheka mpaka mama wa mbele akageuka. Hiyo ilikuwa kabla ya pilau.

Mimi yule Ross ananikumbusha mtu mwingine kabisa. Mbu wale walishibia damu ya mgonjwa mmoja aliyeitwa Husein Khan, akilipwa anna moja, sarafu ndogo ya India ya zamani, kwa kila mbu aliyemuuma. Ross alipata Nobel mwaka 1902. Husein Khan alipata anna zake. Kila nikisoma habari hii namwona Baba.

Basi Ijumaa nikaenda kwa Baba, maana nilihitaji mtu wa kukasirika pamoja nami. Nikamsimulia yote, foleni, sahani, mradi upi, kachumbari. Akaniangalia, akasogeza kofia, akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe umeulizwa mradi upi. Mimi daftarini waliniandika chambo."

"Chambo vipi, Baba?"

"Chambo. Kama cha samaki. Chambo namba tatu."

Kazi yake mlishaisoma hapa: ujana wake wa miaka ya sitini aliumalizia kwenye taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki pale Amani, usiku anashushwa vijijini kunasa mbu. Unakaa ndani ya nyumba ya watu, suruali umeikunja hadi magotini, tochi mkono mmoja, kimrija mkono wa pili. Mbu akitua mguuni unamvuta kwa pumzi kabla hajauma, unamtia kikombeni. Ukichelewa, umeumwa. "Wale wenyewe wa malaria," anasema, "wanaosimama matako juu, walikuwa wanakuja usiku mkubwa, saa saba, saa nane. Mapema wanakuja wahuni tu." Hili la namba tatu hakuwahi kunisimulia. Nilitaka aone uchungu, yeye akaona fahari: namba tatu alikuwa anapendwa na mbu kuliko namba moja na mbili, na bwana mkubwa alikuwa anamsifu kwa hilo. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira zangu peke yangu, pamoja na ndizi mbichi alizonifungia.

Sasa jana jioni Shabani wa takwimu akanitumia ujumbe wa sauti. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Nimeusikiliza mara tisa, Salha anahesabu.

Anasema niliondoka mapema mno, hata keki haijakatwa. Anasema Profesa alimwendea na kumuuliza yule dada wa slaidi ni nani. Shabani akamjibu: "Huyo ndiye Msomaji Namba 2." Na hapo, anasema Shabani, mzee aliweka sahani chini.

"Namba 2? Huyo? Miaka yote nimebishana na huyo!"

Nimekaa na sentensi hii kama mtu aliyepewa noti kubwa dukani hawana chenji.

Kwa sababu ni kweli, tumebishana. Kila slaidi husomwa na watu wawili wasioonana, na tukipishana huenda kwa msomaji wa tatu, ambaye miaka ile ya mwanzo alikuwa yeye. Majibu yalikuwa yakirudi na kalamu yake ya kijani. Sikuwa na uso wake, nilikuwa na kijani chake. Nilijua akichoka, alama zinalala. Nilijua asipoamini: anachora duara kuzunguka namba yangu.

Kuna moja sitaisahau. Msomaji Namba 1 kaandika hakuna. Mimi nimesogeza tone nene la damu sehemu mia chini ya lenzi, kila sehemu naikagua kama mchele wa mawe, na ile ya tisini na kitu nikamwona mdudu wa malaria, mmoja tu, amejikunja kama ndizi. Mwenye umbo lile ndiye mbu anamsubiri ili amhamishie mtoto mwingine. Nikaandika yupo. Siku nne baadaye karatasi ikarudi, duara la kijani, halafu duara limekatwa, halafu neno moja: yupo. Fikirini mtu mzima, profesa, kaketi akasogeza sehemu mia kumtafuta mdudu mmoja kwa sababu Namba 2 kasema. Siku ile nilikwenda chooni kutabasamu.

Kwa hiyo alinijua au hakunijua? Jana usiku niliona nimeheshimiwa kuliko yule aliyebebewa kinyago. Leo asubuhi nikawaza, yaani binadamu mzima nimekuwa 2, na Baba ni 3, na hata kwenye tarakimu mzee wangu kanizidi. Sasa hivi sijui. Nikiwa mkweli, nami watoto wa zile slaidi nawajua kwa namba za stika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoikubali chanjo ya kwanza ya malaria niliwanunulia soda chumba kizima, tukagonga chupa, na hakuna aliyetaja jina la mtoto hata mmoja.

Shabani kanitumia namba ya simu ya mzee. Nimeiandika mara tatu, nimefuta. Niseme nini, shikamoo Profesa, mimi ni Namba 2? Nimefikiria kumwandikia "yupo" tu, halafu nikaona ataniona nimechanganyikiwa. Jumanne anapanda basi kurudi Dar.

Na miwani nahitaji, msimwambie mtu kituoni. Hesabu ya wadudu kwa chembe nyeupe 200 za damu nilikuwa namaliza bila kunyanyua kichwa, sasa napumzika katikati.

Ngoja niache. Upepo umeanza na mwembe wa Mama Chuki umezidi kuegemea ukuta wetu, upande wa chumba cha Salha hasa. Nimemwambia tangu Ramadhani aukate, anasema embe hazijaiva. Usiku huu mtoto atalala kwangu.