Kupiga picha kinyago cha mpingo: taa ikae wapi

Wengi wakiona kinyago kimetoka cheusi tii kwenye picha wanaongeza nguvu ya flashi. Wanachopata ni doa jeupe kali kwenye paji la uso, na pengine pote giza ni lilelile. Mpingo uliosuguliwa msasa laini ukapakwa nta ni kioo cheusi. Mwanga mwingi unaoupiga unamezwa. Ule kidogo unaorudi unarudi kwa pembe ileile ulioingilia. Kinachoonekana pichani ni taswira ya vitu vilivyokizunguka kinyago. Kikizungukwa na giza, kitaakisi giza, hata ukiwasha taa kumi ndogo.

Kwa hiyo tafuta kwanza mahali pa taa, nguvu baadaye. Weka jicho lako pale lenzi itakapokuwa, kisha mwenzako azungushe karatasi nyeupe ya A3 taratibu kando ya kinyago. Pale unapoona weupe wake ukiteleza juu ya shavu na bega, ndipo taa ikae. Mara nyingi ni ubavuni, nyuma kidogo ya kinyago, wala si mbele karibu na kamera kama mazoea yalivyo.

Kwa kinyago cha sentimita 40, softiboksi (kisanduku cha kitambaa kinachotawanya mwanga wa taa) ya sentimita 60 kwa 90 inatosha, ikiwa sentimita 60 hivi kutoka kwenye mti. Ikiachwa peke yake, itachora mstari mweupe wenye kingo kali, kama dirisha lililobandikwa juu ya mgongo. Tundika shuka jeupe au karatasi ya wachora ramani inayopitisha mwanga kati yake na kinyago, sentimita 30 mbele ya taa. Katikati ya shuka patang'aa na pembeni patafifia polepole, na mfifio huo ndio unaolifanya bega lionekane la mviringo. Upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe. Ikikaribia mno, weusi unageuka majivu. Isogeze nyuma hadi ubaki ukingo mwembamba tu wa mwanga.

Vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa ujamaa, vile vya watu waliopandana kama mnara, vina shida yao: matundu. Taa ya mbele haifiki ndani, na mbele ya kitambaa cheusi matundu na miili vinakuwa kitu kimoja. Tumia mandhari ya kijivu, mita 1.5 nyuma ya kinyago, yenye taa yake ndogo, ili kila tundu lionekane kama tundu. Mandhari nyeupe kabisa siipendekezi: weupe unazunguka kingo na kuzila viungo vyembamba, tena unaingia kwenye lenzi na kuufubaza weusi wote. Kama kuna taa nyuma, ikinge kwa kadibodi nyeusi isiitazame lenzi.

Kwa kamera yenye sensa kubwa (full-frame; sensa ni kipande kinachopokea mwanga), lenzi ya milimita 85 hadi 105 inafaa. Lenzi pana ikisogezwa karibu inavimbisha tumbo na kufinya kichwa cha juu. Mwenye simu arudi nyuma atumie lenzi ya kuvuta. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100, stendi iwe imara, na kamera ijipige yenyewe sekunde 2 baada ya kubonyeza. Lenzi ya milimita 100 kwa umbali wa mita 1.5, tundu la lenzi likiwa f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), inakupa ukali wa takriban sentimita 15 kutoka mbele hadi nyuma. Kinyago kikiwa kinene zaidi ya hapo, piga picha kadhaa ukihamisha fokasi (sehemu inayotoka kali), uziunganishe kwenye programu. Kukimbilia f/22 kunalainisha picha nzima.

Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu, hivyo kitauchubua mpingo. Punguza mwanga kwa hatua 1 hadi 1.5 (hatua moja ni nusu ya mwanga), au pima kwenye kadi ya kijivu. Zima taa za dari na funga pazia, maana mpingo si mweusi mtupu. Una kahawia au zambarau iliyojificha, na rangi mbili za mwanga zinaiharibu. Mnunuzi makini anaitafuta rangi hiyo, kwa kuwa vipo vinyago vya miti mingine vilivyopakwa kiwi ya viatu vikaitwa mpingo.

Polaraiza, kichujio cha lenzi kinachopunguza mng'ao, inasaidia, lakini isizungushwe hadi mwisho. Mng'ao wote ukiondoka, unabaki na donge la mkaa.

Vumbi, ambalo jicho halilioni, linajaa pichani. Futa kwa brashi laini na pampu ya hewa, vaa glavu za pamba. Taa za halojeni zisikaribie. Joto hukausha mti ukapasuka. Na mpingo ni mzito, unazama majini, kwa hiyo mnara wenye kitako chembamba utiwe kabari kabla hujaanza kuhamisha taa.

Mwisho kilaze kinyago upige picha ya kitako chake. Pale kwa kawaida hapang'arishwi sana, kwa hiyo ondoa shuka, shusha taa hadi mwanga upite karibu sambamba na mti, nyuzi 10 hadi 15. Alama za msumeno na patasi zitatokeza, na kama mchongaji ameacha ukanda wa mti mweupe wa nje, utaonekana wazi kandokando ya moyo mweusi.