Chupa iliyobonyea njiani

Jana nimerudi Dar kutoka Lushoto na chupa tupu ya maji kwenye begi. Kifuniko nilikikaza kulekule mlimani. Kufika nyumbani Mbagala naitoa, imebonyea kama imekaliwa. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, nani kaikanyaga?"

Hewa ya Dar ndiyo iliyoikanyaga. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa niliyoifungia kule ina mgandamizo mdogo. Hapa pwani kila sentimita 1 ya mraba inabanwa kwa uzito wa karibu kilo 1. Kiganja cha mtu mzima, ukihesabu na vidole, kinabeba zaidi ya kilo 100: mifuko miwili ya saruji!

"Mbona sisi hatubonyei?"

Hapo nikaacha chai ipoe. Sisi si chupa tupu, mwanangu. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji hayashindiliki kirahisi. Yanasukuma nje kwa nguvu ileile inayotubana. Mapafu nayo yamejaa hewa hiihii ya nje. Pande mbili zikilingana, husikii kitu.

Ila masikio husikia. Tukishuka kona za kwenda Mombo yalinizibia, kwa sababu mgandamizo wa nje uliongezeka kuliko wa ndani ya sikio. Mama wa siti ya pembeni akanipa pipi. Nikameza mate, ule mrija wa kutoka kooni ukafunguka: pwa! Akacheka, akaniongezea nyingine.